Jinsi ya Kupima Kama Modeli ya Ardhi Iliyopunguzwa Bado Inafuata Njia ya Maji

Yeyote anayetayarisha ramani ya mafuriko ya Mombasa huanza na modeli ya mwinuko, yaani jedwali la seli ambamo kila seli inabeba kimo cha kipande kimoja cha ardhi kutoka usawa wa bahari. Nchi kavu ya kaunti hii ni takriban kilomita za mraba 220, kwa hiyo modeli yenye seli za mita 1 kwa mita 1 inabeba thamani milioni 220, na kompyuta ya kawaida ya ofisini hulemewa kabla hesabu ya mtiririko haijafika mbali. Ndiyo sababu modeli hupunguzwa: seli ndogo huunganishwa kuwa kubwa, au nukta nyingi huondolewa na zilizosalia zikaunganishwa kwa pembetatu. Kupunguza kwenyewe si kazi tena, kwa kuwa programu hukamilisha kwa dakika chache. Kazi iliyobaki, na ambayo naona inapuuzwa kwa hasara ya watu wanaoishi mabondeni, ni kuthibitisha kwamba maji katika modeli iliyopunguzwa yanaelekea kule kule yalikokuwa yakielekea katika modeli asili. Mwongozo huu unaeleza namna ya kulithibitisha hilo kwa namba.

Kosa la kimo halitoshi

Kipimo kilichozoeleka ni kipeuo cha pili cha wastani wa miraba ya tofauti za vimo. Unachukua kila seli, unatoa kimo cha modeli iliyopunguzwa katika kimo cha asili, unazidisha tofauti kwa yenyewe, unatafuta wastani, kisha unatafuta kipeuo chake cha pili. Namba inayopatikana ni halali kwa anayetaka kujua vimo, lakini haisemi lolote la kutegemewa kuhusu maji. Fikiria modeli ambayo kila seli yake imepanda mita 1 sawasawa: kosa lake ni mita 1 kamili, ilhali maji yake yanafuata njia zilezile bila kupotoka hata seli moja, kwa sababu mteremko haukubadilika. Sasa fikiria nyingine ambayo ni sahihi kila mahali isipokuwa ukuta wa sentimita 30 uliojitokeza kukata bonde moja jembamba. Kosa lake la wastani ni dogo mno, lakini bonde zima limegeuka bwawa, na maji yote ya juu yake yatasaka njia nyingine ambayo haipo duniani.

Mombasa ni mahali ambapo jambo hili lina uzito wa pekee. Mgongo wa Changamwe unatenganisha maji yanayoshukia hori ya Tudor na yale yanayoshukia hori ya Port Reitz, na katika sehemu zake zilizo bapa tofauti ya kimo inayoamua upande ni ndogo kuliko kosa ambalo watu wengi hulikubali bila kuuliza. Upande wa Kisauni na Bamburi, uwanda wa mwamba wa matumbawe unainama kidogo sana kuelekea baharini. Penye mteremko mkali modeli inaweza kukosea sana na maji yasijali. Penye ubapa, kosa dogo linahamisha mtaa mzima kutoka bonde moja hadi jingine.

Kuiandaa modeli asili

Kipimo chochote cha ulinganisho kinaichukulia modeli asili kuwa kweli, kwa hiyo ni lazima modeli hiyo istahili heshima hiyo kabla ya kupunguzwa. Iweke kwanza katika makadirio ya ramani yanayopima kwa mita. Kwa Mombasa yanayofaa ni UTM, kanda ya 37 kusini. Usifanye hesabu ya mtiririko katika nyuzi za latitudo na longitudo, kwa sababu maeneo na umbali utakaohitaji baadaye vitakuwa vya kubahatisha.

Kisha tafuta mahali ambapo modeli inaona kitu ambacho maji hayakioni. Madaraja ndiyo ya kwanza. Data za rada za SRTM zilikusanywa na chombo cha angani Februari 2000, na zinazotolewa kwa jina la Copernicus zimetokana na vipimo vya setilaiti vya kati ya 2011 na 2015. Zote mbili zilipima Makupa wakati barabara ilikuwa ikipita juu ya tuta lililoziba njia ya maji kati ya hori mbili, kabla ya daraja lililofunguliwa mwaka 2022 ili maji ya bahari yapite tena. Anayetumia data hizo leo bila kuzirekebisha anapima Mombasa isiyokuwepo tena. Matuta ya reli ya SGR iliyofunguliwa mwaka 2017 yana shida iliyo kinyume: hayamo katika data ya mwaka 2000, na katika data iliyokusanywa baada ya kujengwa kwake yanaonekana kama kuta, kwa kuwa kipimo cha kutoka juu hakioni kalvati, yaani njia za maji zilizopita chini yake. Kila kalvati unayoijua ichonge katika modeli kwa kushusha seli za tuta hadi kimo cha sakafu ya kalvati. Ni kazi ya mikono na inachosha, lakini hakuna programu itakayoifanya kwa uaminifu kwa niaba yako.

Mikoko ndiyo ya pili. Rada haifiki kwenye tope la hori. Inarudisha kimo kilicho karibu na vilele vya miti, kwa hiyo mbele ya midomo ya mito kama Kombeni na Mwache hujitokeza ukuta wa mita kadhaa ambao kwa kweli ni majani. Njia iliyo salama ni kuichukua mipaka ya mikoko kutoka kwenye picha ya setilaiti na kuihesabu sehemu hiyo yote kuwa bahari. Hilo halipingani na ukweli, kwa maana bahari huko hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3 wakati wa bamvu, na mikoko yenyewe husimama ndani ya maji.

La tatu ni mashimo, na hapa naomba msomaji asiharakishe. Hesabu ya mtiririko hukwama kila inapokuta seli iliyo chini kuliko jirani zake zote, na kwa hiyo kila programu ina amri ya kuyajaza mashimo hadi maji yapate pa kutokea. Mashimo mengi ni kelele za data na yanastahili kujazwa. Lakini pwani ya Mombasa ni mwamba wa chokaa ya matumbawe unaomeza maji, na huko Bamburi kuna machimbo ya zamani ya chokaa, yakiwemo yale yaliyoanza kupandwa miti mwaka 1971 na ambayo leo ni Haller Park. Hayo ni mashimo ya kweli. Ukiyajaza, modeli itadai kwamba mvua iliyoanguka machimboni inamwagika baharini, jambo ambalo halitokei. Yawekee alama mashimo hayo kuwa mwisho wa safari ya maji, sawa na bahari, kisha ujaze yaliyobaki. Alama zilezile zitumike katika modeli iliyopunguzwa, la sivyo utakuwa unalinganisha maamuzi yako mawili wala si modeli mbili.

Kuzirudisha modeli zote kwenye gridi moja

Baada ya kupunguza, usihesabu mtiririko katika seli kubwa halafu uulinganishe na wa seli ndogo. Irudishe modeli iliyopunguzwa kwenye gridi ya asili: ikiwa ni ya pembetatu, soma kimo cha kila seli ndogo kutoka kwenye uso wa pembetatu inayoifunika, ikiwa ni ya seli kubwa, kadiria vimo vya katikati kutokana na vituo vya seli kubwa nne zilizo karibu, kilicho karibu zaidi kikipewa uzito zaidi (njia iitwayo bilinear). Usinakili tu thamani ya seli kubwa katika seli ndogo zilizo ndani yake, kwa sababu utapata ngazi zenye vidato bapa, na mwelekeo wa maji juu ya ubapa kamili huamuliwa na kanuni ya programu badala ya ardhi.

Kurudi kwenye gridi moja kunaondoa pia kosa la kizingiti, yaani kiwango cha eneo la juu ambapo mkondo unahesabiwa kuanza. Watu husema mkondo huanza pale yanapokusanyika maji ya seli 500, kisha wanaitumia 500 hiyohiyo katika modeli zenye seli za ukubwa tofauti. Sema kizingiti kwa eneo: kilomita za mraba 0.5, kwa mfano, ni seli 5,000 za mita 10, lakini ni takriban seli 556 tu za mita 30.

Sasa chagua kanuni moja ya mtiririko na uitumie pande zote mbili. Ile ya O'Callaghan na Mark ya mwaka 1984, inayoipa kila seli mwelekeo mmoja kati ya majirani 8, ni ya kale na ina kasoro zinazojulikana: huchora mistari sambamba penye miteremko laini na haiwezi kugawa maji. Tarboton mwaka 1997 alitoa kanuni inayogawa maji kati ya seli mbili, na kwa ramani ya unyevu wa mlimani naipendelea hiyo. Kwa kazi hii, hata hivyo, ile ya zamani inafaa zaidi, kwa sababu kipimo kinahitaji kila seli iwe na jirani mmoja wa kuulizwa. Angalia alama za mwelekeo za programu unayotumia: GRASS huhesabu 1 hadi 8 kuanzia kaskazini-mashariki kinyume cha mwendo wa saa, ilhali ArcGIS hutumia 1, 2, 4 hadi 128 kuanzia mashariki kufuata mwendo wa saa. Kuzichanganya hakutoi ujumbe wa kosa. Kunatoa tu matokeo mabaya yenye sura nzuri.

Kipimo chenyewe: maji yanalazimika kupanda kiasi gani?

Wazo ni jepesi na lina nguvu. Chukua njia za maji zilizotolewa na modeli iliyopunguzwa, zilaze juu ya vimo vya modeli asili, kisha uhesabu ni kiasi gani cha maji kinalazimika kupanda mlima ili kuzifuata. Maji hayapandi mlima, kwa hiyo kila mpando ni ushahidi kwamba modeli iliyopunguzwa imeyapeleka mahali ambapo ardhi inayakataa. Mpando wa kijito kidogo usihesabiwe sawa na mpando wa mto, na kwa sababu hiyo kila hatua huzidishwa kwa wingi wa maji yanayoipita, yaani eneo lote la juu yake linalotiririkia hapo. Kimo kikizidishwa kwa wingi wa maji ni kipimo cha nishati, na ndiyo maana jumla hizi mbili, ya kupanda na ya kushuka, zinaweza kugawanywa moja kwa nyingine bila kuchanganya vitu visivyolingana.

Tuseme modeli iliyopunguzwa inapitisha mkondo katika seli tano ambazo vimo vyake katika modeli asili ni mita 12.0, 11.4, 11.9, 10.8 na 10.1, na wingi wa maji unaotoka katika seli nne za kwanza ni 40, 55, 70 na 90. Hatua ya kwanza inashuka 0.6, na mara 40 ni 24. Hatua ya pili inapanda 0.5, na mara 55 ni 27.5. Ya tatu inashuka 1.1, na mara 70 ni 77. Ya nne inashuka 0.7, na mara 90 ni 63. Jumla ya kushuka ni 164, jumla ya kupanda ni 27.5, na uwiano wa kupanda kwa kushuka ni takriban 0.17. Hesabu hiyohiyo ifanywe kwa kila seli ya modeli nzima, jambo linalohitaji mistari michache ya lugha ya programu ya Python, kisha irudiwe kwa seli zilizopita kizingiti cha mkondo peke yake. Namba hizi mbili zikitofautiana sana, ya mikondo ndiyo ya kuaminiwa na mpangaji wa mitaro, kwa kuwa ile ya seli zote hubeba kelele nyingi za miteremko midogo.

Kabla ya kuyaamini matokeo, fanya jaribio la sufuri. Laza njia za maji za modeli asili juu ya vimo vya modeli asili hiyohiyo iliyojazwa. Jumla ya kupanda ni lazima iwe sufuri kamili, na isipokuwa sufuri, kuna kosa katika alama za mwelekeo, katika mpangilio wa gridi, au umesoma vimo vya kabla ya kujaza. Anayetumia amri ya r.watershed ya GRASS ajue kwamba yenyewe haijazi mashimo, bali hutafuta njia nafuu ya kutoka ndani yake, kwa hiyo jaribio hili litamkatalia asipojaza kwanza kwa amri nyingine.

Kile ambacho kipimo hiki hakikioni

Uwiano wa kupanda una upofu mmoja mkubwa. Modeli iliyopunguzwa inaweza kuyachukua maji ya mtaa kutoka juu ya mgongo wa Changamwe na kuyashusha taratibu hadi Port Reitz, bila mpando wowote, ilhali katika modeli asili yalikuwa yakishukia Tudor. Juu ya mgongo kila upande ni mteremko, kwa hiyo uwiano utabaki karibu na sufuri huku jibu likiwa la uongo kabisa.

Kosa hili hugunduliwa kwa kulinganisha mabonde. Chagua vituo ambavyo vina maana kwa wakazi: mdomo wa Kombeni, mdomo wa Mwache, kila kalvati kubwa ya reli na ya barabara, na mahali pale ambapo mtaro mkuu wa mtaa unaingia baharini. Kwa kila kituo, chora eneo linalokitiririkia katika modeli zote mbili, kisha ugawanye eneo la pamoja kwa eneo lililo katika angalau moja kati yake. Jibu la 1 lina maana kwamba mabonde yamelingana kabisa. Jibu la 0.6 lina maana kwamba sehemu kubwa imehama, na kalvati iliyosanifiwa kwa modeli hiyo itakuwa ndogo au kubwa kuliko inavyohitajika. Kituo kiwekwe juu ya mkondo wa kila modeli, kwa kukisogeza hadi seli yenye maji mengi zaidi ndani ya umbali mdogo uliokubaliwa, kwa mfano mita 30. Bila hivyo kituo kinaweza kuangukia ukingoni mwa mkondo na bonde la seli tatu likaonekana kama janga.

Ulinganisho wa mistari ya mikondo nitaupitia kwa ufupi. Pima asilimia ya urefu wa mikondo ya asili iliyo ndani ya mita 20 kutoka mikondo ya modeli iliyopunguzwa, kisha ugeuze upande na upime tena. Upande wa kwanza unafichua mikondo iliyopotea, wa pili unafichua iliyobuniwa. Usitumie umbali wa juu kabisa kati ya mistari miwili kama kipimo kikuu, kwa sababu tawi moja lililokosewa linatosha kuuharibu.

Namba gani ni nzuri?

Hakuna kizingiti kimoja kinachofaa kila kazi, na anayedai kwamba kipo hajaitumia modeli mahali penye watu. Kuna lakini njia ya haki ya kujipatia kizingiti chako. Data asili yenyewe ina kosa. Ile ya Copernicus, kwa mfano, imeahidiwa kuwa na kosa la kimo lisilozidi mita 4 katika asilimia 90 ya nukta. Tengeneza nakala kadhaa za modeli asili, kila moja ikiongezewa kosa la kubahatisha lenye ukubwa unaolingana na ubora wa data yako, kosa hilo likiwa limelainishwa ili seli jirani zikosee kwa namna inayofanana, kwa kuwa ndivyo makosa ya rada yalivyo. Pima kila nakala dhidi ya asili kwa vipimo vilevile. Uwiano unaopatikana ni kelele ya data yenyewe, na ikiwa modeli iliyopunguzwa iko chini yake, kupunguza hakujaharibu kitu ambacho data ilikuwa ikikijua. Ikiwa iko juu yake, umepoteza njia za maji na ni lazima uzirudishe.

Njia ya kuzirudisha iko ndani ya vipimo vyenyewe. Chora ramani ya hatua zote zinazopanda, ukubwa wa kila alama ukifuata nishati yake, na utaona kwamba makosa hayajatawanyika: yamejazana katika mabonde membamba, penye kalvati, na juu ya migongo iliyo bapa. Njia nyingi za kupunguza huchagua nukta zenye kosa kubwa la kimo na kuziacha zile za mabonde mafupi ya ubapani, ambazo kosa lao la kimo ni dogo lakini thamani yao kwa maji ni kubwa. Kwa modeli ya pembetatu, lazimisha mistari ya mikondo na ya migongo iwe kingo za pembetatu kabla nukta nyingine hazijachaguliwa. Kwa modeli ya seli kubwa, usichukue wastani katika seli zinazopitiwa na mkondo. Chukua kimo cha chini kabisa. Kwa kisiwa chenyewe, hasa Mji wa Kale wenye vichochoro vyembamba kuliko seli za data hizi za setilaiti, marekebisho haya hayatasaidia, na ni afadhali kutafuta data ya droni na kuipunguza kidogo tu.

Ukisharekebisha, rudia vipimo vyote vitatu, kwa kuwa marekebisho yanayoshusha uwiano wa kupanda yanaweza kuhamisha mpaka wa bonde bila kutangaza. Mwishowe, ikiwa ulirekebisha kwa kutazama bonde la Mwache, pima pia bonde la Kombeni bila kugusa mpangilio wowote, na namba za Kombeni ndizo uziandike pembeni mwa ramani pamoja na kizingiti cha mkondo, kanuni ya mtiririko, mwaka wa data, na orodha ya kalvati na machimbo uliyoyashughulikia kwa mkono.